Kijapani cha Kuzungumza na Mkwe Wangu

Maringá, Paraná,
22 Agosti 2004.

Kaka yangu mpendwa Minoru,

Nakusalimu kwa mapenzi ya siku zote, nikiomba barua hii ikukute umeketi barazani na si kitandani, maana binti yako Harue aliniambia goti limekurudia. Je, linakuruhusu kufika shambani, au unasimamia pilipili manga yako ukiwa dirishani, ukiwafokea vijana? Na wifi yangu Celina, presha yake imeshuka? Mwambie chumvi anayoficha nyuma ya kopo la kahawa naijua, nililiona kopo hilo nilipokuja kwenu.

Mimi ni mzima. Mwezi wa saba kifua kilinisumbua kidogo, baridi ilipotupiga. Usiku mmoja jalidi iliunguza mboga zote nyuma ya nyumba, ikaacha figili tu. Kuku wote wapo. Jogoo amekuwa mkorofi, jirani anataka nimchinje, nami naendelea kumtetea.

Najua utauliza kwa nini tangu mwezi wa sita sijapiga simu. Simu zetu unazijua: wewe unapaza sauti kwa sababu husikii, mimi napaza sauti ili usikie, Celina anacheka pembeni, na mwisho tunaagana bila kuambiana neno la maana. Jambo nililo nalo safari hii sitaki kulipigia kelele. Ndiyo maana nimefunga duka la ushonaji mapema nikakaa mezani.

Ni habari za mkwe wangu Yoriko na mtoto.

Lakini niache nianzie nyuma, kwa sababu kuna mambo niliyokuficha. Uliposikia kwamba nimejiandikisha chuoni kusoma Kijapani, nina umri wa miaka sitini na saba, ulinicheka mpaka ukakohoa. Ulisema, "Sumiko, utasoma mpaka meno yaishe? Ukitaka kitu chochote kwa Kijapani si uniulize mimi?" Nikacheka nawe, nikakuambia nataka kupoteza muda tu, nyumba imekuwa kimya. Haikuwa kweli.

Unakumbuka siku ya msiba wa Valdir. Mwanangu alianguka kiwandani huko Japani mwezi wa tatu, miaka mitatu iliyopita, na habari ililetwa na Gilberto, rafiki yake, aliyepiga simu kwa Kireno. Alipomaliza akaniambia mke wa Valdir yuko pale karibu yake, anataka kuniongelesha. Nikamsikia akichukua simu. Kaka, yule mwanamke aliongea muda mrefu sana. Alilia, akaongea, akalia tena. Kila mara alinyamaza kidogo, kama anayengoja jibu. Nami nilikuwa nimesimama jikoni, uso wangu wa Kijapani kabisa, jina langu la Kijapani, sina neno hata moja la kumpa zaidi ya "hai, hai". Ndiyo, ndiyo. Alikuwa akiniambia jinsi mwanangu alivyokufa, mimi namwitikia ndiyo, kama mtu anayenunua samaki.

Gilberto aliporudi kwenye simu nilimwuliza amesema nini. Akasema, "Anakupa pole, Dona Sumiko." Maneno yote yale, na tafsiri yake ni pole.

Hicho ndicho kilichonipeleka chuoni. Sikukueleza kwa sababu nilijua utasema nikuite wewe unitafsirie. Wewe Kijapani unacho. Mama alipofariki ulikuwa na miaka tisa, ukabaki na baba kwenye shamba la kahawa, mkala pamoja na kugombana pamoja kwa lugha hiyohiyo. Mimi nilikuwa na miaka minne, nikapelekwa mjini kwa Mama Benedita, naye, Mungu amrehemu, alinipa kila kitu alichokuwa nacho: sala, maharage, mashine ya kushonea, na Kireno. Baba alipokuja kunitazama Jumapili alikuwa akisimama mlangoni na kofia mkononi, anasema maneno mawili matatu, nami najificha nyuma ya sketi ya Mama Benedita kwa sababu simwelewi. Kisha vita vikaja, Kijapani kikakatazwa hata sokoni, na Mama Benedita akashukuru kwamba sikukijua. Hakuna niliyemlaumu. Lakini siku ile ya simu nilimkumbuka baba pale mlangoni, nikajua sasa alivyojisikia.

Basi, chuo. Lazima nikuchekeshe kidogo kabla sijafika kwenye uchungu.

Siku ya kwanza nilivaa gauni langu la kijivu, nikaingia darasani. Vijana wote wakasimama, wakaniinamia mpaka kiunoni. Nikageuka kutazama nani yuko nyuma yangu. Hakuna mtu.

"Kaeni, wanangu," nikawaambia. "Mimi nimekuja kusoma kama ninyi."

Wakakaa. Kisha binti mmoja wa nyuma, mweusi, mwembamba, na masikio yamejaa hereni, akasema, "Jamani, tumekwisha. Kama Mjapani mwenyewe anakuja kusoma, sisi tutatoka humu lini?"

Huyo ni Jussara. Alikuja kukaa kando yangu tangu siku hiyo, akisema anataka kunakili kwangu, na ilipofika wiki ya tatu mimi ndiye niliyekuwa nikinakili kwake. Mwalimu alipoingia nikadhani amepotea njia. Fabrício Zanetti, mrefu kama mlingoti, nywele za manjano, babu zake Waitalia wa kulima zabibu. Akafungua mdomo, kikatoka Kijapani kama maji ya bomba. Jussara akaninong'oneza, "Bibi, dunia imegeuka. Yeye ana ulimi wako na wewe una uso wake." Nikamwambia afunge mdomo wake asije akatufukuzisha.

Mkono haukunisumbua. Mkono uliozoea sindano hauogopi herufi zenye vijiti vingi. Kilichonisumbua ni kichwa. Nililoliingiza asubuhi lilikuwa limetoka kufikia jioni. Na tena ile lugha, kaka, wewe unajua, haitoshi kujua neno. Lazima ujue unamwambia nani. Kula kwangu ni neno moja, kula kwako mkubwa ni neno lingine, kula kwa mgeni wa heshima ni la tatu. Mwalimu Fabrício alitufundisha kwamba maneno ya heshima yana kazi mbili. Yanampandisha mtu, na pia yanamweka mbali. Alisema, "Rafiki yako Mjapani akianza ghafla kukuongelesha kwa heshima kubwa, usifurahi. Jiulize umemkosea nini." Vijana walicheka. Nami nilicheka.

Vitabu vyao vilinichosha. Kila ukurasa kuna mtu anauliza njia ya kwenda stesheni, au anaagiza mkate. Hakuna hata mmoja mle ndani aliyefiwa. Mwisho wa muhula wa kwanza nilimfuata mwalimu mezani kwake, wenzangu wakiwa wanatoka.

"Mwalimu," nikamwambia, "nifundishe kuuliza kama mtu aliumia wakati wa kufa."

Alinitazama. "Hilo bado, Dona Sumiko. Maneno hayo yako kwenye kitabu cha mwaka wa tatu."

"Mimi sina safari ya kwenda stesheni, mwanangu. Nina mkwe ambaye sijawahi kuzungumza naye, na nina mjukuu."

Akakaa. Baadaye akachukua chaki akaandika ubaoni, sentensi moja, akaifuta, akaandika nyingine iliyo laini zaidi. Jussara alikuwa amesimama mlangoni na mkoba begani. Akarudi, akakaa, akafungua daftari. Mwalimu akamwuliza yeye anataka nini. Akasema, "Na mimi naandika. Huwezi kujua." Tulikaa sote watatu mpaka mlinzi akaja kufunga.

Nilipiga simu Jumapili moja asubuhi, huko kwao ikiwa jioni. Moyo ulikuwa ukinienda mbio kama nakwenda kuposwa. Yoriko akaitika. Nikasema yale niliyoyafanyia mazoezi mbele ya kuku: kwamba hapa ni Mama wa Brazili, kwamba nasikitika nimechelewa.

Nikasikia akifunga mlango huko kwake. Kisha akaongea, polepole, kama mtu anayemshika kipofu mkono kwenye ngazi.

"Mama. Ni Mama mwenyewe?"

"Ni mimi mwenyewe."

"Mama anaongea."

"Naongea vibaya."

"Ongea hivyohivyo vibaya, Mama. Nakusikia."

Nikamwuliza swali langu. Akanijibu kwa maneno mafupi mafupi ili nisipotee. Alisema Valdir hakuumia. Alivua glavu akaziweka juu ya mashine, akakaa chini kama mtu aliyechoka, na wenzake walipomwita hakuitika. Alisema siku ya kwanza, ile siku ya Gilberto, alikuwa akiniambia hayohayo, na kwamba aliniomba msamaha kwa kutomlinda mwanangu, na mimi nikamjibu ndiyo.

Unaelewa, kaka? Aliniomba msamaha, nikamjibu ndiyo, ni kosa lako. Mwaka mzima aliishi na jibu hilo. Nilimwambia hapana. Nililisema neno hilo kwa namna zote nilizofundishwa, ya mdogo, ya mkubwa, ya rafiki. Hapana, hapana, hapana. Akalia, nami nikalia, na kulia hakuhitaji kitabu.

Tangu siku hiyo tulizungumza kila mwezi, wakati mwingine mara mbili. Na mtoto naye akaanza kuivamia simu. Nagisa ana sauti kama ya Valdir alipokuwa mdogo, nzito kidogo kwa msichana. Siku ya kwanza aliniuliza, "Bibi, kwenu kuna mamba?"

"Wapo, lakini si jikoni kwangu."

"Bibi, mbona unaongea kama mtoto mchanga?"

"Kwa Kijapani nina miaka miwili tu."

Akafikiri. "Basi mimi ni dada yako mkubwa. Utanisikiliza."

Na kweli nilimsikiliza. Nilipokosea hakunionea huruma hata kidogo. "Si hivyo, Bibi. Rudia." Narudia. "Bado. Rudia." Mwalimu Fabrício alishangaa matamshi yangu yalivyonyooka, akaniuliza nani ananifundisha nje ya darasa. Nikamwambia nina mwalimu wa miaka mitano, mkali kuliko yeye.

Kuna jambo moja nililolijua kwa Yoriko ambalo halijatoka moyoni mwangu. Siku moja nilimwuliza Valdir alikuwa mume wa namna gani. Akasema, "Alikuwa mtu mkimya sana." Nikadhani sikusikia vizuri. Nikamwomba arudie. Mkimya, alisema, mpole, jioni anakaa anatabasamu, haongei.

Minoru, wewe unamjua Valdir. Alipokuja huko kwenu Tomé-Açu akiwa kijana, ulinipigia simu siku ya tatu kuniomba nimchukue, ukisema hujapata nafasi ya kuzungumza nyumbani kwako mwenyewe. Yule mtoto aliwachekesha watu hadi makaburini. Alimwigiza padre, akamwigiza meya, akakuigiza wewe ukimtafuta nguruwe aliyepotea. Na mke wake aliishi naye miaka sita akidhani ameolewa na mtu mkimya, kwa sababu Kijapani chake kilikuwa kidogo, cha kiwandani, na utani wake wote ulikuwa umefungiwa ndani ya Kireno.

Nilimwambia hivyo Yoriko. Nilijitahidi kumsimulia kisa cha padre na viatu. Sikuweza vizuri, mzaha ni mgumu kuliko msiba, lakini alielewa. Alicheka kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini sana, "Mimi sikuwahi kusikia mzaha wake hata mmoja." Kama ningekuwa na lugha hiyo ningempa mwanangu akiwa bado anatambaa, na angekwenda nayo Japani mzima mzima, si nusu. Lakini ningempa nini nami sikupewa?

Mwezi wa tano pasipoti yangu ilitoka. Hilo pia nilikuficha, nilitaka kukushtua kwa kadi ya posta. Nilikuwa nimeshona magauni mawili ya Nagisa kwa kukisia urefu, nikawa naulizia habari za ndege za mwezi wa kumi, baridi yao ikiwa bado haijawa kali. Jussara aliahidi kuwalisha kuku. Alisema, "Nenda, Bibi, ila ukirudi unaongea haraka haraka sikujui."

Sasa nimefika kwenye uchungu wenyewe.

Jumapili ya pili ya mwezi wa sita Yoriko alipiga simu yeye. Hakuwahi kunipigia, siku zote ni mimi. Nilifurahi, nikafuta mikono yangu ya unga, nikaanza kumwambia habari za magauni. Akaniacha nimalize. Kisha akaanza kuongea, na kabla sijaelewa maana nilisikia kitu kimebadilika. Maneno yalikuwa marefu. Miisho ya sentensi ilikuwa ile ya kitabu cha tatu, ya watu wanaopokea wageni wakubwa. Na hakuniita Mama. Aliniita Mama mzazi wa Bwana Takeshi.

Takeshi ndilo jina la Kijapani alilomwita mwanangu. Mimi ni mama mzazi wa Bwana Takeshi. Nikavuta kiti nikakaa.

Alisema ametokea mtu mwema, anayefanya kazi halmashauri ya mji wao, ambaye hakuwahi kuoa. Alisema ndoa itakuwa mwezi wa tisa. Nagisa ataandikwa kwa jina la ukoo wa bwana huyo, na ameanza kumwita baba, na bwana huyo ana mama yake mzazi watakayeishi naye nyumba moja. Alisema kaburi la Takeshi ataendelea kulisafisha kila mwaka, hilo nisiwe na shaka. Kisha akasema anaona aibu hata kulitamka, lakini kwa mtoto, ambaye moyo wake ni mdogo na hauna budi kuzoea nyumba mpya, pengine ingefaa kama kwa muda simu zingepumzika.

Hakusema usipige tena. Watu wa kule hawasemi hivyo, nawe unajua kuliko mimi. Alisema kwa muda, kwa lile neno lao ambalo linaweza kuwa wiki na linaweza kuwa maisha. Mtu mwenye Kijapani kidogo asingelisikia lililokuwa chini yake. Angeshukuru, angengoja mwezi mmoja, angepiga tena akiwa na furaha. Nami kama ningesoma mwaka mmoja tu, ningefanya hivyo. Lakini nilikuwa nimesoma miaka miwili na nusu, kaka, na sikukosa hata neno moja.

Nilimjibu kama inavyompasa mtu kujibu. Nilitumia maneno ya kujishusha mpaka chini kabisa. Nikamwambia nimeelewa. Nikamwambia ninafurahi kwa ajili yake, na namshukuru kwa kumtunza mwanangu akiwa hai na akiwa amekufa. Nikamwomba amtunze mtoto.

Kisha nikasema, kwa maneno ya kawaida, yale yetu ya Jumapili, "Yoriko, wewe bado kijana. Mimi sina kinyongo."

"Mama," akasema. Mara moja tu, haraka, kama mtu aliyeponyokwa na kitu.

Nikamwomba nimsalimie mtoto. Akasita, akaniitia. Nagisa akaja anatafuna, akaniambia meno mawili ya mbele yameng'oka na kwamba shuleni amechaguliwa kulisha sungura. Nikamwuliza sungura wanaitwa nani, akanitajia majina yao. Nikamwambia awape majani makavu, si ya umande, watavimba matumbo. Akasema, "Bibi, leo hujakosea hata mara moja."

Nikamwambia, "Ni kwa sababu una mwanafunzi mzuri."

"Si hivyo," akasema. "Ni kwa sababu mwalimu ni mzuri." Akacheka, akakimbia.

Sikurudi darasani wiki hiyo, wala iliyofuata. Jussara alikuja nyumbani na vitabu kwapani, akaniona nafumua magauni.

"Bibi, mtihani wa mdomo ni Alhamisi. Umepotelea wapi?"

"Sina haja nao tena, mwanangu." Nikamweleza. Alininyang'anya mkasi, akakaa akafumua upindo wa gauni la pili hadi mwisho, uzi kwa uzi, bila kuuchana. Alipoondoka alisema, "Alhamisi nitapita saa nane. Usipokuwa umevaa nakupeleka na kanga hiyohiyo ya jikoni."

Nilikwenda. Mwalimu Fabrício hakujua lolote. Aliuliza swali analowauliza wote: nimwambie kuhusu familia yangu. Nikasema nina mjukuu mmoja. Nikasema anaitwa Nagisa, anaishi Japani, amepoteza meno mawili, na shuleni analisha sungura. Akaniuliza kama tunaonana. Nikasema bado. Akaandika alama yake, akasema Kijapani changu sasa ni cha mtu mzima.

Simlaumu Yoriko. Nimejaribu kumkasirikia, imenishinda. Ninachosikitikia ni miaka ile sita Valdir alipokuwa hai. Kila Krismasi alipiga simu, akamweka mke wake azungumze nami, na sisi tukachekacheka tu, tukasema arigatô, obrigada, asante za lugha mbili, tukamrudishia Valdir simu. Miaka sita angeweza kuwa binti yangu. Kama angekuwa binti yangu miaka yote hiyo, labda leo ingekuwa vigumu zaidi kwake kuniita mama mzazi wa Bwana Takeshi. Labda isingebadilisha kitu. Sitajua.

Sasa nina ombi, kaka, na ndilo lililonifanya nikae nikuandikie badala ya kukupigia kelele kwenye simu. Ninacho Kijapani na sina wa kuzungumza naye. Wewe ndiye mtu wa mwisho duniani aliyemsikia mama yetu akiongea. Sisi wawili, tangu tulipotenganishwa utotoni, hatujaambiana hata neno moja kwa lugha yake. Utakaponijibu, usiniandikie kwa Kireno. Niandikie mama alisema nini alipokuwa akinivika nguo, aliniitaje nikale, alinikaripiaje. Kama unakumbuka maneno matatu tu, niandikie hayo matatu. Usiyarahisishe kwa ajili yangu. Nitayaelewa.

Nisalimie sana Celina, na Harue na mumewe, na mwanao Nélson huko mjini Belém ukimpata kwenye simu. Mwambie Harue yale magauni mawili nimeyakata upya, yatamfaa mtoto wake wa pili. Nitayatuma na mtu anayekuja huko. Msalimie na padre wenu mzee, kama bado anakumbuka nyimbo.

Mungu akupe nguvu ya goti na mvua ya kutosha, akulinde wewe na wote walio chini ya dari yako, na akitaka, atukutanishe kabla hatujawa viziwi sote wawili.

Chini hapa jina langu nimeliandika mara mbili, mara ya pili kwa herufi za baba. Likiwa na kosa, nisahihishe.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukungoja,

Sumiko